Mpira wa Mkubwa

Mbukwenyi, wanangu. Kaeni chini, na hizo raketi ziwekeni kivulini, jua la Dodoma linalegeza nyuzi.

Jumamosi mlinicheka. Msikatae, masikio yangu bado mazima. Nilikuwa nacheza na Mihayo, tumefika pointi ya mwisho, mpira umekuja mbele yangu mzuri, mlaini, hata mtoto wa chekechea angeupiga, na mimi nikaudaka kwa mkono. Mkacheka hadi mmoja wenu akakaa chini. Nikasikia mtu akisema, "Babu Kocha jua limempiga." Halafu mkaenda zenu kutafuta chipsi.

Haya. Leo nawaeleza kwa nini niliudaka, na kilichotokea baada ya nyinyi kuondoka. Lakini nitaanzia mbali kidogo, na kabla sijaanza niseme jambo moja waziwazi, maana sipendi mtu aje kulinong'ona nyuma yangu. Mihayo namwonea wivu. Sisemi nilimwonea wivu zamani, tukapatana, yakaisha. Namwonea sasa hivi nikiwa nimekaa hapa. Ile picha yake iliyotundikwa pale kaunta, ameshika kikombe, nikipita natazama pembeni. Picha zote za chumba kile huwa nazifuta vumbi mimi mwenyewe, ile ya Mihayo namwachia mhudumu.

Nyinyi mmekuta uwanja wa saruji umepakwa rangi ya kijani. Mnateleza, mnalalamika magoti. Sisi uwanja tuliufinyanga. Alinifundisha marehemu Mzee Saidi, mtunza viwanja wa klabu hii, mtu aliyeanza kuokota mipira ya Waingereza akiwa bado anavaa kaptura. Tulikuwa tunaenda porini kule nyuma ya Nkuhungu tunatafuta kichuguu. Lakini siyo kichuguu chochote. "Ndahani," aliniambia, "kichuguu chenye wenyewe usikiguse. Mchwa watakufuata mpaka uwanjani." Nikayaona maneno ya kizee. Nikabomoa kikubwa, kizuri, kina wenyewe. Tukaponda, tukachekecha, tukamwaga maji, tukasawazisha, tukavuta lile pipa la zege juu yake mpaka uwanja ukalala. Masika ilipofika, katikati ya uwanja, karibu na neti, kikaanza kuota kichuguu kidogo. Mzee Saidi alikileta kiti chake akakaa pembeni yake, akawa anakunywa chai pale kila asubuhi mpaka nilipokiondoa chote na kuanza upya.

Maji nayo yalikuwa shida. Uwanja wa udongo usipounyunyizia jioni, kesho upepo wa mwezi wa saba unaubeba wote unaupeleka Makole. Kwa hiyo tulikuwa tunachukua maji yaliyooshea vyombo jikoni. Ndiyo maana kuna siku uwanja wetu ulinuka kitunguu.

Na vifaa je? Kabla ya miaka ya ruksa, biashara haijafunguliwa, hapakuwa na kitu madukani. Raketi za mbao, zimepinda. Nyuzi zikikatika tulifunga mshipi wa nailoni tulioupata kwa wavuvi wa Mtera. Unapiga mpira, raketi inalia kama zeze. Mipira ikichoka tunaianika juu ya bati saa saba mchana, inafufuka, inacheza gemu moja, inakufa tena. Ukijua hayo, ukipewa mpira mpya unatoka moja kwa moja kwenye kopo, unaunusa kwanza. Mimi mpaka leo nanusa. Mmeniona.

Sasa kazi yenyewe. Mimi sikuwa bingwa. Nilikuwa mchezaji wa klabu, na maana yake nilikuwa nalipwa nicheze na wanachama. Wanachama ni akina nani? Wakubwa. Wakurugenzi wa mashirika, mabwana afya, mahakimu, na wakati wa vikao vya Bunge wanakuja waheshimiwa na vitambi vyao na soksi nyeupe. Siku ya kwanza nilimfunga hakimu mmoja vibaya sana, nikatoka nimefura kifua. Mzee Saidi akaniita kwenye stoo ya chokaa.

"Unajua yule mzee kaja hapa kufanya nini?"

"Kucheza tenisi."

"Hapana. Tangu asubuhi kafokewa na mkubwa wake. Akirudi nyumbani atafokewa na mkewe. Kaja hapa ili kuwe na mahali pamoja duniani anaposhinda. Na wewe umempokonya hapo pamoja."

Basi nikajifunza kufungwa. Msicheke, ni ufundi. Kufungwa ovyo kila mtu anaweza, na mkubwa si mjinga, akiona unamwachia anakasirika kuliko kufungwa. Lazima ahangaike kwanza. Unamtangulia gemu mbili, unamfanya atoe jasho, anaanza kujilaumu. Halafu unaanza kuchoka wewe. Unafunga kamba za viatu. Mpira wake ukitoka nje kidogo unaita "Ndani!" kwa uchungu, kana kwamba umeumia. Mara moja moja unabishana naye juu ya mstari, unakubali shingo upande. Na mwishoni kabisa, pointi ya mwisho, unampigia mpira wa mkubwa.

Mpira wa mkubwa niliutunga mimi. Mzee Saidi alinipa wazo, ufundi ni wangu. Mpira unakwenda upande wa kulia wa mkubwa, unadunda unafika usawa wa kiuno, hauna haraka, na umekaa mbele kidogo ili apige akiwa anasonga mbele, maana mtu akipiga huku anasonga mbele anajiona simba. Lakini mkono wako lazima uonekane umeupiga kwa nguvu zote. Hapo ndipo penye kazi. Anaupiga, wewe unakimbia, unaukosa kwa inchi, unasema "Aisee!" Mkubwa anakwenda kuoga anaimba.

Nyumbani Mama Pendo, mke wangu, alikuwa ananiuliza kila jioni, "Leo umeshinda?" Nami najibu, "Nimefungwa, lakini nilimwachia." Kila jioni. Ikawa kama salamu ya nyumba yetu.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa Mkurugenzi wa shirika moja la umma. Nitamwita Mkurugenzi tu, inatosha. Yule bwana aliamini kabisa kwamba anayemfunga mchezaji wa klabu ni yeye peke yake Dodoma nzima. Aliwaleta watoto wake watazame. Aliwaambia wageni wake. Nilimpenda, lazima niseme, na alikuwa ananunulia wafanyakazi nyama kila sikukuu, Krismasi na Idi zote.

Ndipo akaja Mihayo.

Mnyamwezi huyo, mtani wangu, alishuka na treni kutoka Tabora kutafuta kazi. Alikuwa anabeba matofali kwenye nyumba zilizokuwa zinajengwa Area D, na jioni anakuja kusimama nyuma ya ua wa michongoma anachungulia. Mimi ndiye niliyemwita ndani. Mimi ndiye niliyemshikisha raketi, hivi, kidole hapa, gumba hapa. Natamani mngeelewa jambo hili: mkono ule wa kwenye picha nimeushika mimi na kuukunja mimi.

Baada ya muda mfupi alikuwa na bekihendi ambayo sijaiona tena kwa mtu. Mimi bekihendi nilikuwa naipiga kwa kuilazimisha. Yeye anageuza bega, mpira unaondoka, basi. Nilikuwa nabaki nyuma jioni peke yangu najaribu kuigiza. Haikuja. Kesho yake nikimwona anaipiga huku anapiga soga na mtu, roho ilikuwa inaniuma kweli, hapa, chini ya ubavu. Na siyo uwanjani tu. Akija kwangu kula, Mama Pendo anampakulia nyama kubwa. "Kijana huyu yuko mbali na kwao," anasema. Mimi niko kwetu, basi nile mfupa.

Jambo moja tu Mihayo hakuweza. Hakuweza kufungwa. Siku alipocheza na Mkurugenzi kwa mara ya kwanza, alimfunga mpaka mtu mzima wa watu akasingizia raketi. Nikamvuta pembeni.

"Wewe Mnyamwezi, una akili?"

"Kaka, mipira yake ilikuwa inatoka nje."

"Si unasema ni ndani!"

"Lakini ilikuwa nje."

Ungebishana na mtu kama huyo? Nikamfundisha mpira wa mkubwa, nikamwonyesha mara nyingi. Aliutazama kwa makini, akasema, "Mzuri huu, kaka. Ila mimi siwezi." Wakubwa wakaanza kumkwepa, wakawa wananiulizia mimi. Nami nilifurahi, kwa nini niwadanganye? Nilisema moyoni, piga bekihendi yako, bwana, tuone itakufikisha wapi.

Ruksa ikaja. Mitumba ikafunguliwa sokoni, tukaanza kuokota raba za tenisi ndani ya marobota, mguu wa kushoto leo, wa kulia wiki ijayo ukiwa na bahati. Raketi nyepesi zikaingia kutoka Dubai. Na mashirika yakaanza kuuzwa. La Mkurugenzi lilikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo. Leo ana gari na dereva, kesho anakuja klabu kwa miguu, suti ileile, vumbi mpaka magotini. Aliyenunua lile shirika alikuwa mfanyabiashara Mkenya, Bwana Mwangi, mnene, mcheshi, anapenda tenisi kuliko chakula, na chakula alikipenda.

Bwana Mwangi akatangaza kwamba kampuni yake itamchukua mchezaji mmoja wa Dodoma. Mmoja. Atapelekwa Nairobi kwa mwalimu wa kweli, kisha acheze mashindano, Kampala, Harare, huko kote, kazi yake iwe tenisi tu. Mpaka hapo hakuna mtu wa klabu hii aliyewahi kuvuka mpaka na raketi mkononi. Nilikuwa bado kijana. Nilitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na nilijua ni yangu, maana ni nani mwingine aliyekuwa anajua kuishi na wakubwa?

Akacheza na sisi wote wawili siku moja. Mimi nilitangulia. Nilimpa mchezo wa maisha yangu. Alihangaika, akatoa jasho, akapata, na pointi ya mwisho nikamtumia mpira wa mkubwa uliokwenda vizuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Alicheka kwa sauti, akanikumbatia na jasho lake lote. Kisha akaingia Mihayo, akamfunga bila huruma, hakumpa hata gemu moja ya kujistiri. Bwana Mwangi akatoka anahema, uso umelowa jasho. Moyoni nikasema, imekwisha hiyo. Nikaanza kufikiria nitaazima begi kwa nani.

Tukakaa pale kibarazani kwenye soda. Mkurugenzi alikuwepo, ameketi karibu na Bwana Mwangi, amealikwa kwa heshima ya zamani. Bwana Mwangi akaweka glasi chini.

"Huyu Mihayo ndiye atakuja na mimi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mkurugenzi naye akashtuka. "Lakini Ndahani ndiye mkongwe wetu."

"Bwana, huyu nimemshinda mimi," akasema Bwana Mwangi. "Mimi! Na niko na kitambi hivi. Akienda Nairobi atashindwa na nani, si na bibi yangu?"

Watu wakacheka. Wanangu, neno lilikuwa limeshafika hapa kwenye meno. Nilikuachia! Neno moja tu, na mambo yote yangegeuka. Lakini nikimwambia yule nilimwachia, na huyu aliyekaa pembeni yake je? Mkurugenzi alikuwa ananitazama. Shirika limeuzwa, gari limechukuliwa, wale waliokuwa wanamkimbilia kumfungulia mlango sasa wanapita bila kumwamkia. Kitu kimoja alichobaki nacho mjini hapa ni kwamba alikuwa akimfunga Ndahani. Nikalimeza lile neno. Halafu nikasema, "Basi nicheze na Mihayo. Atakayeshinda aende." Bwana Mwangi alikuwa mtu wa haki. Akakubali.

Tukacheza kesho yake. Na nilikuwa nashinda! Msiniangalie hivyo, muulizeni yeye mwenyewe. Uwanja ule niliufinyanga mimi, nilijua kila mahali mpira unaporuka na kila mahali unapozama, nikawa nampeleka hukohuko. Yeye akanirudi. Tukabanana mpaka mwisho, pointi moja imebaki, ya kwake. Akanipigia mpira mrefu, nikaufuata nyuma, nikaufikia vizuri, nina nafasi, nina muda, kona yote ya kushoto iko wazi. Nikaupiga.

Mkono ukapiga mpira wa mkubwa.

Sikuutuma. Naapa sikuutuma. Pointi ya mwisho, mpinzani yuko mbele, na mkono ukafanya kazi uliyoifanya kila jioni kwa miaka yote ile. Upande wa kulia, usawa wa kiuno, mbele kidogo. Mihayo akaja anasonga mbele, akaupiga, na mimi nikakimbia nikaukosa kwa inchi. Na mdomo, hata mdomo jamani, ukasema, "Aisee!"

Nyumbani Mama Pendo akauliza. Nikamwambia, "Mihayo kanifunga, lakini nilimwachia." Hilo ndilo nililomwambia kila mtu aliyeniuliza tangu siku ile, na wengine walinisifu kwa moyo wangu mkubwa, nami nikapokea sifa.

Mihayo akaenda. Yaliyobaki mnayajua, yameandikwa chini ya picha. Lakini nitawaambia nilichokuwa namwonea wivu, maana siyo kile kikombe. Alikuwa anarudi likizo, anakuja kwangu, anakula nyama yake kubwa, anasimulia jinsi alivyofungwa Harare na kijana fulani mwembamba mpaka akalia bafuni. Mimi nasikiliza, nimeshika tonge, limepoa. Yeye alikuwa amefungwa kweli. Ametoa kila kitu alichonacho na hakikutosha, sasa anajua mwisho wake uko wapi. Mimi wangu sijui. Nimefungwa mara nyingi kuliko mchezaji yeyote wa nchi hii na sijui hata mara moja iliyokuwa ya kweli. Wivu huo hauna dawa, nimetafuta.

Haya, tumefika Jumamosi.

Mihayo amestaafu, amejenga hukuhuku, tunacheza kila wiki, wazee wawili magoti yamefungwa bendeji. Jumamosi nilikuwa na pointi ya kumfunga. Nyinyi mkaanza kupiga makofi, "Babu Kocha! Babu Kocha!" Na mpira ukaja. Upande wangu wa kulia. Usawa wa kiuno. Umekaa mbele kidogo ili nipige nikiwa nasonga mbele. Na yeye kule amekunja uso, anajifanya kaupiga kwa nguvu zote.

Mimi huo mpira nisiujue? Ndiyo maana niliudaka.

Nyinyi mlipokwisha kuondoka akaja kwenye neti. "Mbona hukupiga?"

"Mpira gani huu, Mihayo?"

"Mpira tu."

"Mnyamwezi, nakuuliza, mpira gani huu?"

Akatazama viatu vyake. "Wako, kaka. Si ulinifundisha? Sijawahi kumpigia mtu mwingine. Nilisema, nikija kumpigia mtu, nitampigia mwalimu wangu."

Ningelia. Lakini mnajua kilichoniuma zaidi? Ulikuwa mzuri kuliko wangu. Ulikaa pale hewani umetulia, unakusubiri. Mpira nilioutunga mimi, na hata huo kanizidi.

Nikamrushia. "Anzisha upya. Na unifunge kama unaweza."

"Kaka, tumeshazeeka, ya nini?"

"Anzisha!"

Akaanzisha. Nikaurudisha, akarudisha, nikampeleka kulia, nikampeleka kushoto, nikapiga kila mpira kwa kila kilichobaki kwenye bega hili, na mkono wangu safari hii nilikuwa nauangalia kama mwizi. Mihayo akageuza bega. Bekihendi ileile. Nikakimbia, wanangu, nilikimbia mbio ambazo daktari amenikataza, nikajirusha, nikaanguka, goti likachubuka kwenye hiyo saruji yenu. Mpira ukapita ukagonga ukingo wa mstari.

"Nje!" akasema Mihayo haraka.

"Ndani," nikasema nikiwa chini. "Nimeuona. Ndani."

Akaniinua, akabeba gemu hiyo na zilizofuata. Tukaenda nyumbani kwangu, mimi nachechemea. Mama Pendo alikuwa anapakua. Akaliona goti, akauliza, "Nani kashinda?"

"Mihayo kanifunga."

Akasimama na upawa mkononi, anangoja. Anajua sentensi yangu inavyomalizikia.

"Lakini?" akasema.

"Lakini nini? Kanifunga."

Akachukua kile kipande kikubwa cha nyama, akakitia kwenye sahani ya Mihayo kama kawaida yake, nami nikakitazama kikipita.